Bibi Hataki Kuchanwa Nywele

Kila alipotoka shule, Kasuku, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kusema, alimchana Bibi nywele kibarazani, kando ya cherehani. Siku hizi kazi hiyo ilikuwa imegeuka vita.

"Taratibu! Unanichuna ngozi!" Bibi alifoka.

"Bibi, hata sijakugusa!"

"Basi hicho kitana kina meno ya mamba."

Kasuku alishusha pumzi kwa hasira. Kichwa kilimuuma Bibi kwenye panja. Akitafuna nyama, taya zilichoka akaisukuma sahani. Jicho moja nalo liliwahi kuingia giza, kisha likarudi. Lakini ukimtajia hospitali, unajitafutia ugomvi.

"Ni uzee tu. Na ole wako umwambie mama yako!"

Kasuku akafunga mdomo.

Jumamosi moja Bibi alikuwa akikata kitambaa cha sare, mkasi ukamponyoka. Alitaka kuuokota, lakini mkono haukumtii. Alipojaribu kusema, mdomo ulienda upande na maneno yakatoka yamevurugika.

"Mama! Njoo upesi!" Kasuku alipiga kelele.

Hospitalini hakungoja ruhusa ya mtu. Alimweleza daktari kila kitu: kichwa, ngozi, taya, jicho. Bibi alimkata jicho kutoka kitandani, naye akaendelea vilevile.

Daktari alipapasa panja la Bibi, akagusa mshipa uliovimba. Baada ya vipimo aliwaita.

"Mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Ugonjwa huu huwapata wazee. Damu ikikosa njia, mtu hupofuka au hupata kiharusi. Bibi amepata kiharusi, bahati nzuri si kikubwa. Dawa ya uvimbe tunaanza sasa hivi, tuyaokoe macho."

"Kwa hiyo siyo uzee?" Kasuku aliuliza, akimtazama Bibi.

"Uzee hauumi," daktari alijibu. "Kinachouma ni ugonjwa."

Maumivu ya kichwa yaliisha upesi. Mkono ulichukua muda mrefu zaidi, na kutunga uzi kwenye sindano bado kulimtoa Bibi jasho. Vidonge navyo alivimeza kwa manung'uniko.

"Ulijua yote hayo, ukanyamaza?" Mama alimuuliza Kasuku jikoni.

"Bibi alinikataza."

"Ai, nyie wawili mtanimaliza! Sikia, mwanangu. Mkubwa akikwambia ufiche maumivu yake, usimtii. Hiyo si adabu, ni hatari. Njoo useme."

"Na akikasirika?"

"Akasirike," Mama alisema, "akiwa hai."