Kikapu cha Saniye

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba Oktoba. Ishikeni tarehe hiyo, ndugu zangu, kwa sababu barua niliyoletewa na wakubwa inasema "katikati ya Oktoba", kana kwamba mtu huanguka kwa makadirio.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Mke wangu Saniye alikaanga mayai na nyanya, akanimiminia chai, akanifunga shali shingoni kama mtoto wa shule.

"Rudi na vitunguu," akasema. "Vidogo, Nurettin. Usiniletee yale makubwa kama kichwa chako."

"Kichwa changu kina bei sokoni."

"Nani atakinunua, na ndani hamna kitu?"

Nikashuka nikicheka. Ngazi sabini na mbili, orofa nne. Mimi ni mchukuzi katika soko la mboga la jumla, miguu yangu imezoea. Saniye alikuwa na miaka sita hajazishuka. Magoti yalikwisha kumkana. Dunia yake ilikuwa dirisha moja na kikapu.

Mtaa wetu uko kwenye mteremko juu ya maji ya Haliç, hapa Istanbul. Zamani teksi zilikuwa zinakushusha kule chini barabarani, dereva anakuambia, "Hapo sipandi, bwana, nina watoto." Kulikuwa na wezi, kulikuwa na vijana wa kunusa gundi, na mara mbili niliporwa mlangoni kwangu mwenyewe. Siwaficheni. Lakini mwizi wa mtaa wetu alijua Saniye ni mgonjwa, na akipita chini ya dirisha alimsalimu.

Chini ya nyumba palikuwa na duka la Hayri. Kila siku saa tatu asubuhi Saniye alishusha kikapu kwa kamba, akaita, "Hayri, ndugu yangu, upo?" Hayri akatia mkate, jibini, gazeti la jana alilokwisha kulisoma. "Vuta, dada, kabla paka hajapanda!" Mwezi wa Muharram, wa kupika uji mtamu wa ashure, kikapu kilishuka na bakuli tatu za kugawia majirani, kikapanda na bakuli tupu na dua.

Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Kikapu kisiposhuka mpaka saa nne, au kikining'inia bila kuvutwa, Hayri hufunga duka na kupanda. Ndivyo tulivyoishi mteremkoni pale, wazee wote wenye madirisha. Mwaka mmoja wakati wa theluji alipanda akamkuta Saniye anaungua kwa homa, akambeba mgongoni ngazi zote zile, yeye mwenye ugonjwa wa moyo.

Basi akaja Bedri, mwenyekiti wetu wa mtaa, ameshika karatasi. Watu wenye fedha walitaka duka la Hayri liwe mkahawa, na wakazi wa jengo walitakiwa kukubali.

"Kaka Nurettin, mtaa unafufuka," akaniambia. "Jengo litapakwa rangi. Ngazi zitatengenezwa. Na shemeji atawekewa lifti. Atashuka kama malkia."

Saniye alisikia kutoka jikoni. "Bedri, lifti itanipa mkate? Hayri ndiye hunipa mkate."

"Shemeji nawe! Duka moja tu limekuziba macho."

"Si duka. Ni mtu."

Kusoma kwangu ni kwa kukokota, herufi moja kwa moja kama anayevuta gunia. Niliona aibu kuisoma karatasi mbele ya Bedri. Neno lifti lilikuwa limeniingia moyoni, nikamwona mke wangu amekaa bustanini. Nikatia sahihi. Baadaye binti wa jirani alinisomea. Kulikuwa na rangi. Kulikuwa na taa. Lifti haikuwamo hata kwa bahati mbaya.

Hayri hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Alihamia kwa mwanawe Bursa. Siku ya kuondoka alisimama chini ya dirisha, akatia mkate wa mwisho kikapuni, akasema, "Vuta, dada." Hakutaja paka.

Jengo likapakwa rangi ya waridi. Wageni wakaanza kumiminika, wakipiga picha milango, paka, nguo zetu kambani. Suruali zangu za ndani zimepigwa picha kuliko waziri. Saniye aliposhusha kikapu kwa mazoea, wakacheka kwa furaha, wakamtilia peremende. Mwenye mkahawa akaona hapo pana biashara. Akatundika vikapu kumi na kimoja ukutani kwetu, vyote na maua ya plastiki. Cha mke wangu kikawa cha kumi na mbili.

Nilikwenda kwa Bedri kumwambia vikapu vile vinamzuia mtu kuonekana. Akanitazama kama anayetazama mlevi. "Kaka, watu wanapanda ndege kuja kuviona. Wewe vinakukera?"

Tulibaki na muuza mboga wa mkokoteni, aliyekuwa akipita saa tatu na kumtilia Saniye mkate aliomnunulia njiani. Asubuhi ya Jumanne ile askari wa jiji walimzuia pale chini, wakamrudisha, kwa amri mpya kwamba mikokoteni inaharibu sura ya mtaa. Saniye hakuwa na habari. Alishusha kikapu, akafunga kamba kwenye chuma cha dirisha, akangoja.

Saa sita mchana nilimpigia simu. Haikupokelewa. Enzi za Hayri ningempigia yeye, nimwambie, "Hebu tazama kikapu." Sasa nimpigie nani? Nikajiambia amelala. Nikarudi kwenye magunia yangu. Nalisema hili wazi, ili mkubwa atakayesoma haya asidhani namlaumu yeye peke yake.

Jioni saa kumi na mbili nilipanda mteremko na vitunguu vyangu, vidogo. Mkahawa umejaa. Nikainua macho. Katikati ya vikapu vyenye maua kulikuwa na kimoja kisicho na ua, kimefungwa mkono kwa waya wa buluu nilioufunga mimi. Kilikuwa kinazunguka polepole mwisho wa kamba. Kitupu.

"Kikapu hiki kimeshuka saa ngapi?" nilimpigia kelele Pelin, msichana anayegawa kahawa.

"Kipi, ami?"

"Hiki! Hiki cha mtu!"

Alikitazama, rangi ikamtoka. "Ami, kipo tangu nilipofika asubuhi. Mimi nina wiki mbili tu hapa. Nilidhani ni pambo."

Vitunguu vilibiringika mteremkoni, watu wakacheka wakidhani nimelewa. Nilipofika juu, Saniye alikuwa sakafuni chini ya dirisha, mdomo umepinda, macho yananijua. Daktari alisema damu imeganda kichwani. "Angeletwa kabla ya adhuhuri, tungeweza kumsaidia," akasema. Mke wangu aliishi siku mbili. Mungu amrehemu. Bedri alikuja mazishini, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakuhamisha duka.

Mwezi uliofuata, picha kubwa ilitundikwa mkahawani: ukuta wetu wa waridi, vikapu kumi na viwili, jua zuri. Pelin ndiye aliyekuja kuniita, analia. Akaniwekea kidole juu ya dirisha letu. Ukingoni palikuwa na vidole vinne na kidole gumba. Mgeni mmoja aliituma kama zawadi. Pelin alimwandikia kumuuliza ameipiga lini, akajibiwa kwa furaha: Jumanne ile, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

FUNZO

Ndugu zangu, usitie sahihi karatasi usiyoisoma kwa sababu ya aibu. Aibu ya kusoma polepole ni ya dakika kumi. Hii yangu naenda nayo kaburini. Nanyi mnaoongoza mitaa, mkipaka ukuta rangi jueni kwanza ni nani yuko nyuma yake, na mkimwondoa mwenye duka mtuambie ni nani atakayepanda ngazi badala yake. Umaskini wetu na wezi wetu havikumuua Saniye. Aliuawa na mtaa uliogeuzwa picha, na picha haina jirani.

Nimepeleka picha ile kwa Bedri. Nimeipeleka ofisi ya jiji, dirisha la kwanza mpaka la nne. Sikutaka fidia, wala lifti. Nimeuliza jambo moja, nao wananirudishia barua za rambirambi. Basi nawauliza ninyi: mkahawa umejaa, mteremko umejaa, kila mtu ameinua uso anatazama dirisha lile, mkono ule ulipokuwa unaita, ni nani kati yao aliyekuwa na kazi ya kupanda?