Landrova ya Macho ya Bundi

Kila asubuhi Faustina alikunja shuka, akafagia uwanja, kisha akaketi jikoni karibu na moto kunywa chai. Akimaliza alivaa sweta lake la shule, maana baridi ya Nyololo haichagui mwanafunzi wala mwalimu mkuu, akatoka. Njiani alipita kando ya gari la Babu. Zamani alikuwa akilipiga kofi dogo kwenye boneti na kulisalimia, "Kamwene!" Siku hizi alilipita tu, kama mtu anavyopita kando ya jiwe.

Babu Sosthenes alizikwa wakati wa kuvuna mahindi. Siku ile watu walilia. Hata jirani aliyegombana naye mpaka wa shamba alilia, tena kwa sauti kuliko wafiwa. Faustina hakulia. Si kwamba alijizuia. Aliyatafuta machozi akayakosa, kama mtu anayeingiza mkono kwenye debe la unga akagusa bati tupu. Tangu hapo alichota maji, alijibu maswali ya hesabu, na akiulizwa kama ameshiba alisema ameshiba, ingawa hakuwa na hakika.

Bibi Yusta alikuwa akimtazama juu ya ukingo wa kikombe.

"Mke mwenzangu," alimwita, kwa sababu kwa utani wa kwao mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, "sisi wajane wawili tuna mume mmoja kaburini na gari moja uwanjani. Wewe unachukua lipi?"

"Sijui, Bibi."

"Chai ikoje?"

"Nzuri."

"Haya," alisema Bibi, akanywa yake polepole, kama mtu aliyeficha jambo chini ya ulimi.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya zamani sana, ya zile ambazo taa zake hazikukaa pembeni bali zilisogeleana katikati, kama macho ya bundi. Babu aliinunua kwa wamisionari akiwa kijana. Ilibeba mbao, mbuzi, maharusi, wajawazito na maiti, na haikumbagua yeyote. Siku moja, Faustina akiwa bado hajazaliwa, Babu alikwepa ng'ombe pale Igawa, gari likapinduka. Babu akatoka na jino moja pungufu. Gari lilitoka na chasisi iliyovunjika, yaani ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima. Fundi wa kando ya barabara akaichomelea kwa kipande cha chuma.

Tangu siku hiyo Babu hakusafiri bila kwanza kuingia uvunguni na spana. Faustina alipokua kidogo, wakawa wanaingia wote wawili. Babu aligonga upande mzima, chuma kikaitika: ngiii! Kisha akagonga pale palipochomelewa. Pakilia, wanaondoka.

"Chuma hakina mdomo, lakini kina sauti," alimwambia. "Siku kikikaa kimya, na wewe kaa nyumbani."

Mwaka juzi alipagonga, pakasema dub. Alipagonga tena. Dub. Babu akatoka uvunguni, akajipangusa vumbi, akaliegesha gari kando ya nyumba, na halikuondoka tena.

Mwezi wa kumi, mawingu yalipoanza kukusanyika, Baba mdogo Gerson alikuja kutoka Mbeya. Alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele hivi kwamba vilifika nyumbani kabla yake. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekwishaamua: shamba linagawanyika, Landrova haigawanyiki, ukiigawa, kila mtu anaondoka na chuma chakavu. Iuzwe, Bibi Yusta aezekwe nyumba yake upya, kwa maana paa lilikuwa limetoboka kama chekecheke.

"Mama, siku hizi gari kuukuu ni dhahabu," Gerson alisema. "Kuna mnada Iringa mjini. Matajiri wanakuja kutoka Dar na Nairobi kununua magari ambayo hayatengenezwi tena. Ukiwaonyesha gari jipya wanapiga miayo. Wanataka lenye mvi!"

"Mimi nina mvi na hawajaja kunitazama," alijibu Bibi. "Sikiliza, Gerson. Uwaambie kuhusu chasisi."

"Nitawaambia, mama. Mimi ni mtoto wako."

"Ndiyo maana nimekukumbusha."

Goti la Bibi halikumruhusu kusafiri, kwa hiyo Faustina ndiye aliyekwenda. Landrova ilipakiwa juu ya lori la fuso. Faustina aliona jambo hilo bila kulifikiria: Baba mdogo mwenyewe hakuthubutu kuliendesha gari lile, hata mpaka Mafinga.

Uwanja wa mnada ulijaa watu na magari ya marehemu, kama alivyosema mzee mmoja getini. Kulikuwa na Pijo nyeupe, Foksi mgongo wa kobe, na lori lenye pua ndefu. Wanunuzi walizunguka na tochi. Bwana mmoja alipitisha sumaku kwenye mlango wa Pijo; sumaku ikaanguka, naye akacheka: "Huu si mlango, huu ni puti ya kuzibia matundu iliyopakwa rangi!" Kijana mwingine alikuwa na simu sikioni, akimnunulia bosi wake aliyekuwa Nairobi.

Gerson akamvuta Faustina kando. Hapo ndipo Faustina alipoona kwamba uvungu wa Landrova umepakwa rangi nyeusi, nzito, inayong'aa. Pale palipochomelewa hapakuonekana tena.

"Wewe utasimama hapa mlangoni," Gerson alisema. "Wakikuuliza, sema Babu alikuwa analitumia kwenda kanisani tu, na kwamba gari halijawahi kupata ajali. Mimi nikisema, watasema dalali. Ukisema wewe na hilo sweta lako la shule, wataamini. Umeelewa, mwanangu? Ni paa la bibi yako hilo."

Faustina alitafuta moyoni neno la kukataa. Hakulikuta. Hakukuta pia la kukubali.

"Sawa," alisema.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa yule wa sumaku. "Binti, gari hili limewahi kugongwa?"

"Hapana. Babu alikuwa analitumia kwenda kanisani."

Ilikuwa rahisi ajabu. Hakuona aibu, hakuona hofu. Maneno yalitoka kama maji ya bomba. Akaulizwa tena, akajibu tena. Mara ya tatu alisema hata kabla ya kuulizwa, na Gerson akamkonyeza kwa mbali.

Kisha akaja mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, Mzee Edmund, mwalimu mstaafu wa hapohapo Iringa. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, Mercy, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele.

"Shikamoo babu," Faustina alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ee, macho ya bundi!" Mzee aligusa taa kama mtu anayegusa uso wa rafiki. "Nilipokuwa kijana nilisukuma moja kama hii kwenye matope kutwa nzima, na hawakunipa hata lifti. Leo nataka niwe ndani. Mwezi ujao wenye magari ya zamani tunakutana Dar. Nitateremka nayo mlima Kitonga polepole, na huyu bibie pembeni. Imewahi kupata ajali?"

"Hapana," alisema Faustina. "Babu yangu alikuwa analitumia kwenda kanisani."

"Basi imebarikiwa," alisema mzee akicheka.

Dalali wa mnada, Tadeo, mwanamume mnene mwenye sauti iliyozidi unene wake, alipanda juu ya kreti. "Landrova hii, wazee! Viti vyake vya kwanza, injini yake ya kwanza, nayo imepita mkono wa mwenyewe mmoja tu! Nani anaanza?" Bei ikaanza kupanda. Yule wa simu alinong'ona, akainua kidole. Wa sumaku akainua kofia. Mzee Edmund akainua fimbo. Simu ikakatika mtandao, kijana akabaki anapiga kelele, "Haloo, bosi! Haloo!" na watu wakacheka. Wa sumaku akakuna kichwa, akaacha.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Nyundo ikashuka. "Imekwenda kwa Mwalimu Edmund!"

Gerson alirukaruka hadi kiatu kimoja kikachomoka. Watu walipiga makofi. Mercy hakungoja, alipanda ndani ya Landrova, akakaa kwenye kiti cha kushoto, akaweka kiganja juu ya kile kishikio cha chuma kilicho mbele, kilichosuguliwa kikang'aa. Faustina alikuwa amekisugua yeye, kwa kiganja chake, miaka yote ile, kila Babu alipokata kona.

"Dada, ukishika hapa huanguki?" Mercy aliuliza.

Umewahi kukalia mguu ukafa ganzi? Ukiwa umekufa, unaweza kuuchoma mwiba usijue. Taabu huanza unapoamka. Ndivyo ilivyomjia Faustina: kwanza vidoleni, kisha kifuani, kama siafu wanaopanda. Aliiona Kitonga na kona zake, na bonde lile ambalo ukidondosha jiwe husikii likifika. Akamwona mtoto mwenye pengo akishika chuma kile, na chini yake chuma kingine, kilichonyamaza.

"Shuka," alimwambia Mercy.

"Kwa nini?"

"Shuka kwanza!" Kisha akaenda mbele ya Mzee Edmund. "Babu, nimekudanganya. Hili gari lilipinduka Igawa. Chasisi imeungwa, na Babu yangu aliacha kuliendesha kwa sababu ilinyamaza."

Watu wakageuka. Gerson alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi. "Msimsikilize! Huyu mtoto ana msiba, haelewi anachosema!"

"Nina msiba," alisema Faustina, "lakini masikio ninayo."

Akaazima spana kwa utingo wa fuso, akaingia uvunguni na sweta lake la shule. Watu wakainama. Aligonga upande mzima: ngiii! Kila mtu akasikia. Akasogea, akagonga kwenye rangi nyeusi. Dub. Akagonga tena kwa nguvu, ganda la rangi likabanduka na kumwangukia usoni, na nyuma yake ukaonekana ufa mwekundu wa kutu, unaoweza kuingia ukucha.

Tadeo alishuka kwenye kreti. Safari hii hakupiga kelele. "Mwenye mali akificha ubovu, nyundo yangu haikupigwa. Mauzo haya yamefutwa. Mwalimu, uko huru." Kisha akamgeukia Gerson. "Na wewe, vaa kiatu."

Mzee Edmund alikuwa amemshika Mercy begani. Alimtazama Faustina bila tabasamu.

"Uliniambia uongo ukinitazama machoni," alisema.

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Ungechelewa kidogo tu, tungekuwa barabarani." Hakusema amemsamehe. Akaondoka kwenda kuyatazama magari mengine, na Faustina akabaki amesimama, vumbi la kutu likimwasha machoni.

Jioni, mnada ulipokaribia kwisha, Tadeo aliinadi Landrova upya. Sasa alitangaza yote: Igawa, ng'ombe, ufa. Wa sumaku alisema ataichukua kwa ajili ya vipuri, kwa bei ya kumtania marehemu. Kisha fimbo ikainuka nyuma ya watu. Ilikuwa ya Mzee Edmund.

"Chasisi hubadilishwa," alisema. "Haitateremka Kitonga mwaka huu. Itasubiri mpaka fundi amalize, nami nitaingia uvunguni mwenyewe na spana."

Alilipa karibu nusu ya bei ya kwanza. Hakuongeza senti kwa ajili ya ukweli wa Faustina, wala Faustina hakutegemea aongeze.

Njia nzima ya kurudi Nyololo Faustina aliogopa kufika. Alijua nyumba ina vyumba vinne, na fedha zile hazingefunika vyote.

Alimweleza Bibi kila kitu, kuanzia lile "hapana" la kwanza mpaka ufa. Hakujipunguzia hata moja. Bibi alisikiliza huku akimtazama Gerson, ambaye alikuwa akizitazama ncha za viatu vyake.

"Gerson, baba," Bibi alisema kwa upole wa kutisha, "fundi wa bati anataka fedha, nasi tumepungukiwa. Kwa hiyo mabati yakifika utapanda juu wewe. Vua hivyo viatu, vitatoboa bati jipya."

"Mama, mimi ni mtu wa mjini..."

"Mvua nayo inatoka mjini, iko huko Mbeya inakuja. Mtakutana juu ya paa." Kisha akamgeukia Faustina. "Na wewe, mke mwenzangu. Tutaezeka vyumba viwili, viwili vitavuja. Mimi naweza kukinga ndoo chini ya tundu la paa. Chini ya Kitonga ningekinga nini? Lakini sikupambi kwa sifa. Ulidanganya watu kabla ya kusema kweli. Kwa nini?"

"Sikusikia chochote, Bibi. Ilikuwa kama si mimi."

Bibi alitikisa kichwa. "Ndiyo hatari ya ganzi. Mguu uliokufa ganzi hauumi, kwa hiyo hujui unakanyaga nini. Majonzi si kosa, mwanangu. Lakini moyo wako ukinyamaza kama ile chasisi, usisafiri nao. Simama, uugonge, usikilize kwanza. Ukweli ukiusema mapema ni bei rahisi; ukiuchelewesha unapanda kama vile vitu vyenu vya mnadani. Na ukimwachia mtu auendeshe ubovu uliouficha, hapo hakuna mwenye fedha za kulipa."

Asubuhi moja, mabati yakiwa yamefika, mvua ya kwanza ilinyesha. Juu ya paa nyundo ya Gerson ililia ta-ta-ta, halafu "mama yangu!", halafu ta-ta-ta tena. Faustina alifagia, akaketi karibu na moto, akapokea kikombe chake. Nje, pale Landrova ilipokuwa ikikaa, palikuwa na mstatili wa udongo usioota nyasi ambao mvua ndiyo kwanza ilikuwa ikiulowesha. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga funda la chai, akakunja uso.

"Bibi! Chai haina sukari!"

Bibi Yusta aliweka kikombe chake chini. "Umesemaje?"

"Haina sukari hata kidogo. Ni chungu!"

"Haijawa nayo tangu tumzike babu yako," alisema Bibi, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Kila siku nakuuliza ikoje, unaniambia nzuri. Nikasema, ngoja nione siku atakayorudi."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Faustina naye akaanza kucheka, na katikati ya kicheko, bila kuyatafuta, machozi yakaja. Bibi akasogeza kigoda, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akafungua kopo la sukari.