Aliyeita Mara Moja

Kapteni Zablon Chilongani alimjibu mtu ambaye hakuwa amesema. Ndivyo mambo yalivyoanza, saa saba mchana, mwezi wa tisa, ndege ikiwa imeshatua salama na abiria wakifungua mikanda kabla ya ruhusa, kama kawaida yao.

Ilikuwa ndege ndogo ya pangaboi moja, abiria kumi na wawili, wengi wao watumishi wa serikali waliokuwa wakirudi Dodoma kutoka Dar es Salaam na mafaili mapajani. Watu hudhani kazi ya rubani inaisha magurudumu yakigusa lami. Wapi. Ndege ikishatua inatakiwa iondoke barabara kuu, ishike kiungio, ile barabara nyembamba ya kuipeleka maegesho, na haigeuki popote mpaka mnara useme. Mnara ukisema, rubani anarudia neno kwa neno, ijulikane kwamba amesikia alichoambiwa. Kurudia huko ndiyo dini ya kazi yao. Zablon alikuwa amerudia maneno ya watu kwa miaka kumi na tisa bila kukosea.

Siku ile Rukia, rubani msaidizi, binti wa Tanga asiyepitwa na jambo, alimsikia akisema, "Kushoto, kiungio cha tatu, nimekupata." Alisema kwa Kiswahili, na redioni hawaongei Kiswahili. Halafu akakanyaga pedeli na ndege ikaanza kugeuka.

Uwanja ule ulikuwa na viungio viwili tu. Cha tatu kilikuwa bado kinajengwa. Kilienda hatua mia moja hivi, kisha kikakatika kwenye ukingo wa korongo.

Rukia alikanyaga breki. Mnara ukauliza kwa nini wamesimama, naye akadanganya kwamba wanakagua taa moja. Kisha akazima kipaza sauti.

"Kapteni, umemjibu nani?"

"Mnara."

"Mnara haujasema kitu."

Zablon alimtazama, akatazama mbele. Hakushtuka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la siku zote: kushtuka kulimtoka zamani sana. Mkewe alipoamua kuondoka, alimbebea sanduku mpaka kwenye bajaji na kumtakia safari njema. Sasa alichoweza kusema ni kwamba aliyemwelekeza alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya upole, aliyeanza kwa kumwita jina lake mara moja. Na kwamba humo ndani palikuwa na harufu ya mvua. Rukia naye aliisikia, harufu ya udongo unaolowa kwa mara ya kwanza, katika mwezi ambao Dodoma nzima huwa kavu mpaka mbuzi wanakohoa.

Rukia alipaswa kuandika taarifa. Akiandika, Zablon hataruhusiwa kuruka tena, na nje ya kurusha ndege mtu yule hakuwa na kitu kingine duniani. Asipoandika, iko siku breki zingechelewa, na nyuma yao walikuwa wanakaa watu. Hakuandika, kwa mara moja hiyo tu.

Siku ya nne walitua tena, saa ileile. Harufu ilitangulia. Zablon alilisikia jina lake, akauma midomo. Alikumbuka alivyofundishwa utotoni, asiitike. Basi Rukia akasikia kwenye hedfoni sauti ya Zablon ikijibu, "Kushoto, kiungio cha tatu, nimekupata," akageuka kumtazama, akaona kwamba midomo ya Zablon ilikuwa imefungwa, imebanwa mpaka imepauka, na sauti yake bado inaendelea kusema nimekupata, nimekupata, nimekupata, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi.

Rukia akabonyeza kitufe. "Nani huyo?"

Sauti ilikatika. Kisha mtu akavuta pumzi taratibu, mtu aliyekuwa amesubiri aulizwe.

Walipoegesha, Rukia alivua hedfoni. Alimwambia Zablon kwa sauti ya chini kwamba kwao jambo kama hilo huitwa jini, na jini haliji bila sababu, hivyo aende kwa watu wake akaulize. Angemvumilia mpaka Jumatatu. Baada ya hapo angeandika, na amsamehe.

Shangazi yake Zablon, Anyesi, alikuwa akiishi Ipagala, mzee wa kanisa, mwanamke wa maneno machache na makali. Zablon alimkuta uani anapepeta karanga. Baada ya shikamoo na marahaba alimweleza yote, bila sauti kupanda wala kushuka, kana kwamba anasoma ratiba. Shangazi aliuliza kitu kimoja tu: sauti ilitaka kumpeleka wapi?

"Korongoni."

Shangazi akaweka ungo chini.

Kabla ya uwanja, pale palikuwa kwao. Zablon alipokuwa na miaka kumi alichunga mbuzi kando ya korongo lile pamoja na mdogo wake Penina, wa miaka saba. Watoto wote walifundishwa kwamba saa ya jua kali, ukiitwa mara moja na usiyemwona, usiitike, maana binadamu huita mara mbili. Mchana mmoja Zablon aliisikia sauti ya Penina kutoka kule chini ikimwita. Mara moja. Alikuwa mtoto mtiifu, hakuitika. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, bila yeye kujua, na maji yalishuka na korongo kwa ghafla. Walimpata Penina jioni. Zablon na baba yake walimzika ukingoni, mawe matatu, bila msalaba.

Wakati makaburi yanahamishwa kupisha uwanja, ukoo mzima ulikuja. Kwa desturi yao ndugu wa damu humwita marehemu, humwambia tunahama, kisha hutangulia bila kugeuka nyuma mpaka makao mapya. Kaburi la Penina lilijulikana na Zablon peke yake, baba akiwa ameshafariki.

"Tulikupigia simu," shangazi alisema.

"Niliiona."

Alikuwa hotelini Mwanza, ameketi kitandani, hana kazi yoyote. Aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, kisha akaigeuza kifudifudi. Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Jumapili alasiri Elisha, dereva wa lile gari la manjano linaloongoza ndege maegesho, aliwaombea ruhusa wakaingia. Mawe matatu yalikuwepo, hatua chache kutoka mwisho wa lami. Shangazi alichota udongo akaufunga kwenye kanga, akampa Zablon, akamwambia aite mara mbili, kama binadamu, na asikie atakachosikia asigeuke.

"Penina. Penina. Tunahama, mdogo wangu. Nifuate."

"Bee, kaka."

Ilikuwa sauti ya mtoto. Zablon alianza kutembea na miguu midogo ikaanza kutembea nyuma yake, miguu iliyolowa, ikigusa vumbi kwa mlio wa matambara yanayokamuliwa, akapita uzio, akapita mbuga ya miiba, jua likimwakia usoni na mgongo wake ukiwa wa baridi, na kila hatua alitamani kugeuka na kila hatua alikataa, na mahali fulani katikati ya safari ile akagundua kwamba analia, yeye ambaye hakulia siku ile wala miaka thelathini na minne iliyofuata, na hakujifuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imebeba udongo. Kwenye makaburi mapya walimzika kando ya baba yake. Miguu ilikoma.

Walipokuwa wananawa mikono, shangazi alimwuliza kama aliyeitika ndiye yule wa redioni.

"Hapana. Huyu alikuwa mtoto."

"Mtoto akifa hakui, Zablon." Alikung'uta maji mikononi. "Penina alikuwa chambo tu, na chambo tumekiondoa, hakina cha kukuvutia tena. Lakini kile cha korongoni kipo palepale. Kinamtaka anayekiitikia. Kuna mwingine aliyekiitikia?"

Zablon alisema hapana. Hakudanganya. Alikuwa amechoka, na amefurahi kwa namna aliyokuwa ameisahau, na swali la Rukia redioni halikumjia akilini hata kidogo.

Jumatatu Rukia hakuandika. Wiki tatu walitua bila harufu, bila sauti. Zablon alianza kutaniana na abiria. Alimnunulia Rukia zabibu za Makutupora kilo mbili nzima, akamwambia kwamba hajui amshukuruje.

Wiki ya nne, saa saba mchana, zamu ya kuendesha ilikuwa ya Rukia. Alitua vizuri sana. Mnara ulikuwa kimya. Kwa mbali chamchela ya vumbi ilikuwa imesimama mwisho wa kiungio cha tatu, inazunguka bila kusogea.

"Kushoto," Rukia alisema kwa Kiswahili. "Nimekupata."

Ndege ikageuka. Zablon alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na safari hii alishtuka. Ndege ilisimama kwa mtikisiko na nyuma mtu akalalamika. Hatua arobaini zilikuwa zimebaki kufika korongoni. Rukia alikuwa anatazama mbele, mkono bado uko kwenye mtambo wa kuongeza moto, anausukuma taratibu, na ndani ya chumba kile kidogo kulikuwa na harufu ya mvua.

Zablon akauzima moto. Kisha akamwita kama binadamu anavyoita.

"Rukia. Rukia."

Midomo ya Rukia haikufunguka. Kwenye hedfoni, mwanamke mtu mzima, kwa upole, akaitika, "Bee, kaka."