Muhogo Ulioharakishwa

Kila alfajiri, katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Kabambare, ngoma ya kapita, msimamizi wa kazi ya pamba, ilimwamsha Waridi kabla ya jogoo. Ilikuwa miaka ya utawala wa Wabelgiji. Kila kaya ilipimiwa shamba la pamba, itake isitake. Pamba hailiwi. Hata hivyo ilipaliliwa kabla ya maharage na kuchumwa kabla ya mpunga, na aliyechelewa alifungwa.

Baba yake Waridi alikuwa mbali, kwenye machimbo ya bati. Nyumbani walibaki mama, Waridi mwenye miaka kumi na miwili, na Asani, mdogo wake, aliyependa kucheka hata akikemewa.

Kutayarisha muhogo ilikuwa kazi ya mama. Muhogo wa kwao ulikuwa mchungu. Mama aliumenya, akauzamisha kwenye dimbwi la kijito, akauacha siku baada ya siku hadi ukanuka. Kila alipopita aliubonyeza kwa kidole. "Bado," alisema. Kidole kilipozama bila kushindana na kitu, ndipo alipoutoa, akauanika na kuutwanga. Waridi alikiona kidole hicho tangu utotoni, akaamini kwamba kinachotafutwa ni ulaini tu.

Asubuhi moja kapita Lukumani alisimama mlangoni.

"Mama Waridi! Pamba inaanguka chini, nawe ungali hapa na maganda yako!"

"Bwana kapita, unga umekwisha. Niache leo nipeleke muhogo kijitoni."

"Pamba haijui njaa yako. Twende!"

Mashamba ya pamba yalikuwa mbali, na wanawake walilala huko huko wakati wa kuchuma. Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu, zamisha muhogo huu. Usiuguse mpaka nirudi. Kuleni ndizi."

Ndizi ziliisha kabla mama hajarudi. Asani akaanza kumfuata nyuma kama kifaranga dada yake, ambaye alimwita yaya.

"Yaya, bugali iko wapi?"

"Iko kijitoni, inaoga."

"Iambie itoke basi! Imeshatakata!"

Waridi alicheka. Alikwenda kijitoni, akabonyeza muhogo. Ulikuwa mgumu kama kuni. Hapo ndipo alipopata wazo, akalipenda. Kama kinachotafutwa ni ulaini, moto utaulainisha mara moja!

Aliutoa muhogo, akaukata vipande, akauchemsha. Hakumwaga maji; aliyaacha yakaukie chunguni. Kidole chake kilizama vizuri kabisa. Akavikausha vipande juu ya moto, kwenye uchanja, akatwanga, kapu likajaa unga. Kesho yake adhuhuri akasonga ugali, na harufu yake ikajaza nyumba.

"Yaya, wewe unajua kuliko mama!" Asani alisema, mashavu yamejaa.

Waridi alikula kidogo ili mdogo wake ashibe. Baada ya muda kichwa kilianza kumzunguka. Asani akatapika, akashika kichwa, akajaribu kusimama, miguu ikamkataa. Waridi alimbeba mgongoni, akakimbia hadi zahanati ya barabarani, akisikia pumzi ya mtoto ikikatika karibu na sikio lake.

Bwana Octave, muuguzi wa zahanati, alimpokea kwa mikono miwili.

"Amekula nini?"

"Bugali tu."

"Ya muhogo uliokaa majini mpaka ukaiva?"

Waridi alitazama sakafu. "Ndiyo," akajibu.

Octave alifanya aliyoweza, nayo hayakuwa mengi. Kabla jua halijatua, Asani alikata roho.

Mama aliitwa, akaja na nyuzi za pamba zingali nyweleni. Wanaume walimzika mtoto asubuhi iliyofuata. Uani wanawake waliketi kwenye mikeka, na maneno yakapita chini kwa chini: mtoto mzima hafi hivi hivi, kuna mkono wa mtu. Waridi aliyasikia. Moyoni mwake kitu kilimshawishi anyamaze. Waache waseme uchawi. Nani atajua?

Kisha akamwona shangazi Binti, dada ya baba yake, akichukua kapu la unga. Maji yalikuwa yakichemka kwenye chungu kikubwa cha msiba. Watoto wa majirani walikuwa wamezunguka mafiga, kila mmoja na njaa yake.

Waridi aliruka, akalikumbatia kapu.

"Shangazi, usisonge!"

"Toka hapo, mtoto! Watu hawajala tangu jana."

"Unga huu ndio uliomwua Asani!" Sauti yake ilipasuka. "Muhogo ulikuwa haujaiva. Niliuchemsha. Bwana Octave aliniuliza, nikamdanganya."

Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa mwiba, akajifunika uso.

Octave, aliyekuwa amekuja kutoa pole, alilichukua kapu, akaufukia unga wote katika shimo refu. Majirani wakaleta ndizi. Baadaye aliketi mkekani, akaukata muhogo mbichi katikati.

"Tazameni. Ndani ya muhogo mna vyumba vidogo sana, macho hayavioni. Huitwa seli. Ndani ya chumba imefungwa sukari iliyobeba sumu. Ukutani yuko mfanyakazi ajuaye kuivunja sukari hiyo. Wasomi humwita kimeng'enya. Muhogo ukiwa mzima, seli humtenga mfanyakazi na sukari, wasikutane. Ukikaa majini, kuta hulegea, mfanyakazi anaifikia sukari, anaivunja, na sumu inatoka na maji na upepo. Kazi hiyo ina muda wake."

"Na moto?" Waridi aliuliza, sauti haisikiki vizuri.

"Moto humwua mfanyakazi kabla hajaanza. Muhogo unalainika, lakini sukari inabaki imeshika sumu yake, na sumu inafunguliwa tumboni mwa mlaji." Aligusa kifua chake. "Mwilini mwetu namo wamo wafanyakazi wa namna hiyo, kila mmoja na kazi yake, na mwili huwaita au huwazuia kadiri ya haja. Mmoja huisafisha sumu hii. Lakini anahitaji kitu tunachokipata katika samaki, nyama na maharage. Asani alikula maharage lini?"

Mashamba ya maharage yalikuwa magugu matupu.

"Basi msimtwike mtoto huyu mzigo peke yake," shangazi Binti alisema, akitazama upande wa mashamba ya pamba. "Wapo walioula muda wetu. Kuanzia leo, muhogo utakaa majini hadi uive, kapita apige kelele mpaka akauke koo."

Octave alimgeukia Waridi. "Mwanangu, kutaka kusaidia si kosa. Kosa ni kukatisha kazi usiyoijua bila kuuliza, na kosa la pili ni kunificha ukweli. Siwezi kukuahidi kwamba ningemwokoa. Kwa sumu nyingi vile, pengine nisingeweza. Lakini leo umesema kweli ilipokuumiza kuliko uongo, na watoto hawa wako hai. Ukweli usingoje msiba, ndugu zangu. Usemeni mapema."

Mama alinyoosha mkono, akamvuta Waridi, akamlaza kichwa pajani. Hapo ndipo msichana yule, aliyekuwa hajatoa chozi tangu mdogo wake alipokufa, alipolia.