Vinyesi Juu ya Majivu

Saa 1:40 asubuhi, Jumamosi, Gwantwa aliikuta kamera ya tatu imepondwa kwa jiwe msituni Mbangala. Kadi ya picha haikuwemo, kama kwenye kamera mbili za kwanza.

Alikuwa ametoka Tunduma kuzifuata kamera hizo, alizotega kupiga picha wanyama. Kazi yake ilikuwa kuilisha kompyuta kila moto, kila shamba jipya, kila tanuri la mkaa, nayo ichore palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, wataishi wapi na mpaka lini. Jumatatu ramani ingesomwa kijijini. Palahala wakiwepo, msitu unabaki. Wasipokuwepo, unagawiwa mashamba.

“Ni Lusajo, mchoma mkaa,” alisema mzee Sadoki, askari wanyamapori wa kijiji, aliyemkusanyia takwimu miaka mitatu.

Saa 3:00 walimkuta Lusajo tanurini, mweusi tii.

“Nijifiche kamera isinione? Moshi wangu mpaka Igamba wanapiga chafya! Dada, mimi kamera nazitaka nzima. Zionyeshe hamna mnyama, tugawiwe mashamba.”

Gwantwa akaondoka. Lusajo hakuwa na sababu. Nani alikuwa nayo?

Saa 4:20, kwenye uwanda ulioungua, Sadoki alinyoosha kidole. “Ona, mwanangu. Kinyesi cha palahala. Andika.”

Gwantwa hakuandika. Alichuchumaa. Punje zilikuwa kavu, zimepauka, juu ya majivu laini kama unga.

“Baba, hapa mlichoma lini?”

“Juzi. Moto wa mapema wa kuzuia moto mkubwa, kama kila mwaka.”

“Kinyesi hiki ni cha zamani. Moto ulikirukaje? Na mbona majivuni hamna alama za kwato, kuna za buti tu, zimekwenda zikarudi?”

Sadoki alitazama buti zake. Kisha akatoa mfukoni kadi tatu.

“Kamera zilinipiga picha mimi tu, na gunia langu la vinyesi. Nililijaza zamani, walipokuwa wengi. Sasa limebaki robo.”

“Miaka yote mitatu, baba?”

“Wakisikia hawapo, mashoka yanaingia siku hiyo hiyo. Nikasema nidanganye kidogo. Labda watarudi, wakute miti.”

Gwantwa alitamani kunyamaza. Lakini ramani ya uongo ingeulinda msitu huu na kuuacha bila ulinzi msitu mwingine ambako palahala huenda bado wapo. Akafungua kompyuta magotini, akafuta rekodi za Sadoki moja moja, akaamuru ihesabu upya. Ramani ikageuka nyekundu, rangi ya mahali palahala wasipo, kutoka kingoni mpaka katikati.

“Inasemaje, mwanangu? Wataisha lini?”

Gwantwa alimgeuzia kioo cha kompyuta.

“Mwaka juzi, baba.”