Matukio ya Uhalifu: Hakuna

Faidha alikutana na Nasibu kwa fundi viatu wa stendi ya Masasi, Jumamosi moja mabasi yakipiga honi na wapiga debe wakigombea abiria. Alivaa gauni la kitenge cha njano na mtandio mweupe, na kiatu chake kimoja kilikuwa mikononi mwa fundi. Nasibu alileta buti la kazi lililoachia soli. Fundi alikuwa na jozi moja tu ya ndala za wateja, akawapa ndala moja moja.

"Dada, hiyo ya kushoto inakupendeza," Nasibu alisema.

"Na wewe usiondoke na mwenzake. Nitakutafuta."

"Hutapata shida. Mimi ni mlinzi wa chuoni kwenu. Kila asubuhi unapita getini bila salamu."

Faidha aliona haya, kisha akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili wa uhazili katika chuo kidogo nje ya mji. Nasibu, kijana wa Newala, alikuwa kiongozi wa walinzi na ndiye aliyeandika daftari la matukio. Tangu siku hiyo salamu za getini zikawa ndefu, na kila jioni simu ikaita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wali wa bwenini, mawe nusu."

"Vumilia. Kwetu Newala utakula chikandanga, chakula chetu cha muhogo, mpaka ukatae kuondoka."

Mwezi wa tano, saa tisa alasiri, mtunza stoo wa chuo alimwita Faidha akachukue karatasi za zoezi la kuchapa. Alipoingia, yule mtu alifunga mlango akamkamata. Faidha alimng'ata mkono, akapigana mpaka akafungua, akakimbilia getini mkono wa gauni ukiwa umechanika. Nasibu alimpa kiti na maji. Akaandika daftarini kila neno alilosema, na Faidha akatia sahihi.

Faidha aliomba waende polisi saa ile ile. Lakini kwenye ubao wa matangazo palikuwa na sheria za usalama, na ya kwanza ilisema hakuna mwanafunzi wala mtumishi kuripoti jambo nje kabla ya uongozi kutoa barua. Nasibu aliifuata. Alimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, naye akawaambia wasubiri barua.

Wiki mbili zikapita. Daftari likachukuliwa ofisini kwa mkuu wa chuo, likaletwa jingine jipya. Mtunza stoo akaendelea kugawa karatasi na chaki. Kisha taarifa ya usalama ya mwaka ikabandikwa ubaoni, na Witness, aliyelala chumba kimoja na Faidha, akaja kumwita aione. Iliandikwa: Matukio ya uhalifu: hakuna. Mwishoni, kwenye ukurasa wa pili, palikuwa na sahihi ya Nasibu.

Faidha alimpigia hapo hapo.

"Ile sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini Faidha, nisikilize..."

Alikata. Nasibu hakupata nafasi ya kusema kwamba taarifa aliyoandika ilikuwa na kurasa mbili, kwamba tukio la Faidha lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na kwamba huo ndio uliobadilishwa, sahihi yake ikabaki kwenye wa pili. Na hata angesema, asingekuwa na karatasi ya kumwonyesha. Alituma ujumbe. Alimtuma Witness, naye akarudi na jibu kwamba Faidha hataki kumsikia.

Asubuhi moja Nasibu alikwenda polisi bila barua ya mtu, akatoa maelezo kwenye dawati la jinsia. Chuo kikapata habari. Wiki haikuisha akafukuzwa kwa kutoa siri za ofisi, akafunga mabegi akarudi Newala. Faidha alipoona mlinzi mwingine getini, aliamini kwamba Nasibu amekimbia aibu yake.

Baada ya mwezi, askari wa kike akampigia Faidha. Alisema kuna shahidi ameshatoa maelezo kuhusu jambo lake, na sasa wanahitaji ya kwake. Faidha aliuliza ni nani. Alipotajiwa jina, alikaa chini kwenye ngazi za darasa.

Alikwenda siku hiyo hiyo. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza bila kumficha: daftari halionekani, hakuna fomu ya daktari, mtunza stoo anakana na chuo kimeshamhamishia tawi jingine. Jalada litabaki wazi. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumwahidi.

Jumamosi Faidha alipanda basi la Newala. Ukungu wa Juni ulikuwa haujaondoka uwandani. Alimkuta mama yake Nasibu uani akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Faidha. Yuko shambani, anapalilia mikorosho ambayo haina hata gugu moja chini yake."

Nasibu alipomwona aliweka jembe chini. Alikuwa amekonda. Hakumsogelea.

"Kituo kilikuwa dakika kumi kwa bodaboda," alisema. "Ningekupeleka siku ile ile. Nikafuata ubao."

"Na mimi sikukupa hata dakika moja ya kusema."

Walikaa chini ya mkorosho, Nasibu akamweleza yote. Mwisho akasema, "Nataka kukuoa, Faidha. Lakini getini siruhusiwi hata kusimama. Siwezi kukusaidia kitu."

"Mtume mjomba wako nyumbani kwetu nikimaliza. Umebaki mwaka mmoja."

"Usirudi kule."

"Nikiacha wataandika kwamba niliondoka mwenyewe."

Usiku huo Faidha alilala chumbani kwa mama yake Nasibu. Jumapili Nasibu alimsindikiza stendi, akamshikia begi mpaka basi lilipowashwa. Faidha alilipokea, akaketi dirishani. Basi likaanza kushuka kuelekea Masasi, na Nasibu akabaki kando ya barabara, mikono yake haina la kufanya.