Behewa Lisilo na Ndoano Nyuma

Banza alifunga mabehewa kwenye kituo cha treni cha Kalemie. Aliingiza ndoano ya behewa moja kwenye behewa lingine. Kazi hiyo inataka macho mawili mazima.

Siku moja jicho lake la kulia likawa jekundu. Liliuma na kutoka machozi. Banza alikuwa mtu wa kushuku. Akashuku pilipili ya mke wake, Mujinga.

"Pilipili yangu?" Mujinga akang'aka. "Ulikula sahani mbili! Twende kwa munganga."

Kapinga, mama aliyekuwa munganga wa dispansere, akalimulika jicho. "Papa, ni virusi vya malengelenge, vimetia kidonda. Ukichelewa, kovu litabaki, hutaona." Akampa tyubu ya asiklovir, dawa ya kupaka jichoni.

Banza akatoa mfukoni tyubu ya sokoni. "Mama, si njo dawa moja na hii?"

"Hapana. Hiyo ni ya bakteria. Virusi haviiogopi. Hii yangu inavidanganya."

Banza akasimama. "Dawa ya uongo! Kesho itanidanganya na mimi."

"Kaa, Papa. Virusi vikitaka kuzaana, vinaunga vipande vidogo sana, kama mabehewa yako. Watu wa maabara walitengeneza kipande chenye umbo karibu sawa na kile cha kweli. Virusi vinakipokea. Mbele kina ndoano, nyuma hakina."

Banza akakuna kichwa. "Basi behewa la kufuata halifungwi."

"Njo vile. Treni inaishia hapo. Na umbo lingekuwa tofauti sana, virusi vingekikataa."

"Ngoja! Mwili wangu nao unaunga vipande. Treni yangu pia itakatika?"

"Swali zuri! Dawa inaingia imelala. Virusi vyenyewe njo vinaanza kuiamsha. Mahali pasipo virusi, karibu yote inabaki imelala."

Banza akapaka dawa kama alivyoambiwa. Maumivu yakaisha, akataka kuacha. Mujinga akakataa katakata mpaka Kapinga alitazame jicho tena. Kapinga alipolitazama, kidonda kilikuwa kimefunga. Banza akarudi kazini, akiona ndoano vizuri. Furaha yake haikuwa na kifani!

Mwenzake Ilunga akaja, jicho jekundu. "Nipe dawa iliyobaki."

"Hapana. Macho mekundu si yote ya virusi. Tena tyubu ya jicho ni ya muntu mumoja. Nenda kwa munganga."

Ilunga akamkazia jicho lake zima. "Unaninyima, Banza? Unanificha nini?"

Banza akamshika mkono. "Shuku tu, ndugu yangu. Lakini shuku ukiwa njiani. Twende."